Paulo Freire, mwalimu aliyetiwa gerezani juu ya kufundisha watu kusoma

Kwa siku nyingi, mama mmoja mjane alikuwa anatoka Jaboatão asubuhi kwenda Recife, mji mkubwa wa kaskazini-mashariki ya Brazil. Alikuwa anatafuta shule. Mtoto wake wa mwisho alikuwa anakaribia miaka 16, na masomo yake ya sekondari yalikuwa yamechelewa sana, sababu nyumbani hakukuwa feza ya kulipa. Aligonga kwenye shule moja, wakakataa. Akagonga kwenye ingine, wakakataa. Jioni alirudi nyumbani bila jibu. Siku moja akaona jina la Colégio Oswaldo Cruz, akaingia. Mkurugenzi, Aluízio Araújo, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakubali kumpokea kijana bila malipo. Sharti lilikuwa moja tu: kijana apende masomo.

Mama huyo ni Edeltrudes, na kijana ni Paulo Freire. Wale wote waliopita kwenye masomo ya ualimu wamesikia jina lake, hata kama silabusi iliwapa mistari miwili tu juu yake. Vitabu vyake vimesomwa katika lugha nyingi za dunia, na vyuo vikuu vingi vilimpa udaktari wa heshima. Lakini kama mkurugenzi mmoja wa Recife angefunga mlango siku ile, labda hakuna mtu leo angelijua jina hilo. Freire mwenyewe hakusahau kamwe kwamba masomo yake yalitegemea nafasi moja ya bure.

Mtoto wa miembe

Alizaliwa tarehe 19 Septemba 1921 pale Recife. Baba yake, Joaquim, alikuwa askari polisi wa kijeshi. Mama alishona nguo na alikuwa mkristo mkatoliki wa kweli. Nyumba yao ilikuwa na uwanja wenye miembe, na chini ya miti hiyo wazazi walimfundisha kusoma. Hakukuwa ubao wala chaki: alichora herufi kwenye udongo kwa kijiti. Na maneno aliyojifunza ni maneno ya pale nyumbani, ya vitu alivyoviona na watu aliowajua. Hili si jambo dogo, sababu zaidi ya miaka 30 baadaye atawafundisha wakulima kwa njia iliyo ndugu ya ile ya mwembeni.

Mwaka 1929 uchumi wa dunia ulianguka, na familia ikaanguka nayo. Mwaka 1932 walihamia Jaboatão, karibu na Recife, kutafuta maisha ya bei ndogo. Miaka miwili baadaye baba akafa. Paulo alikuwa na miaka 13. Njaa iliingia nyumbani, lakini familia ilikuwa na haya ya kuonekana maskini: piano ilibaki sebuleni, na baba, alipokuwa hai, hakuacha kuvaa tai. Tai na piano vilikuwa vinasema kwamba hawa ni watu wa hali, hata kama sufuria ilikuwa tupu. Siku moja kuku wa jirani aliingia katika uwanja wao, watoto wakamkamata wakamuua. Mama alisimama pale kati ya dini yake na njaa ya watoto wake. Mwishoni kuku akaingia katika sufuria.

Shuleni Paulo hakuelewa kitu. Wengine wangeweza kufikiri kwamba hana akili. Kumbe alikuwa na njaa. Kaka yake mkubwa alipopata kazi na chakula kikaongezeka mezani, masomo yalianza kuingia. Baadaye, akiwa profesa, alirudia mara nyingi kwamba mtoto anayeshindwa darasani si lazima awe mjinga: pengine tumbo lake ndilo linalozungumza.

Pale Oswaldo Cruz alisoma, kisha akawa mwalimu wa lugha ya Kireno kwenye shule ile ile. Alisomea sheria katika chuo kikuu. Mwaka 1944 alimuoa Elza, mwalimu wa shule ya msingi, wakapata watoto 5. Uwakili wake haukuchukua muda. Kesi ya kwanza ilikuwa ya kumdai kijana mmoja daktari wa meno aliyekuwa amekopa ili kununua vyombo vya kazi. Kijana alikuja mbele yake akiwa amevunjika, akikubali hata wakamate vitu vya nyumba yake. Freire alimpa muda, akarudi nyumbani na kumwambia Elza kwamba uwakili umekwisha. Elza alifurahi, alikuwa anangojea jambo hilo.

Mfanyakazi aliyemfundisha profesa

Tangu 1947 Freire alifanya kazi katika SESI, shirika la huduma za jamii kwa wafanyakazi wa viwanda. Hapo ndipo yeye mwenyewe alipata somo ambalo lilimfuata mpaka uzeeni.

Usiku mmoja alikuwa anazungumza mbele ya wazazi juu ya namna ya kulea watoto. Alikuwa amefanya utafiti, akaona kwamba wazazi wengi wanawapiga watoto vikali. Basi akawaeleza, kwa maneno mazuri ya chuo kikuu na kwa kumtaja Piaget, kwamba kupiga hakufai. Alipomaliza, mfanyakazi mmoja wa miaka karibu 40 alisimama. Alimshukuru kwa heshima. Kisha akamuuliza kama anajua wao wanaishi wapi. Akaanza kuelezea nyumba ya profesa bila kuwahi kufika pale: vyumba vya watoto, chumba cha kuogea, mahali pa kuweka vitabu, watoto walioshiba na kuoga. Halafu akaelezea nyumba zao: chumba kimoja kwa watu wote, baba anarudi amechoka, watoto wanalia njaa, na saa kumi ya usiku lazima kuamka tena kwenda kazini. Kama wanawapiga watoto, akasema, si kwamba hawawapendi, ni sababu maisha hayawaachii nafasi ingine.

Freire alitamani ardhi ipasuke aingie. Katika gari, wakirudi nyumbani, alinung'unika kwamba alikuwa amesema wazi na wale watu hawakumuelewa. Elza alimuuliza kama si yeye ambaye hakuwaelewa wao. Kuna maprofesa wengi ambao wangemsahau yule mfanyakazi kesho yake. Freire alifanya zaidi ya miaka 30 akimsimulia.

Angicos, masaa 40

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Recife kilianzisha huduma ya kupeleka elimu na utamaduni nje ya kuta zake, na Freire akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Huduma hiyo ilizaa hata redio ya chuo kikuu. Wazo lilikuwa rahisi: kodi za wananchi zinalipa chuo kikuu, basi chuo kikuu kitoke kiende kwa wananchi, na si kungoja tu watoto wa wakubwa waje kuketi darasani.

Kazi iliyomtangaza ilifanyika mwaka 1963 pale Angicos, mji mdogo wa ukame katika jimbo la Rio Grande do Norte. Watu wazima karibu 300, wengi wao wafanyakazi wa mashamba, wa mikono na wa nyumbani, walijifunza kusoma na kuandika kwa masaa 40. Waliowasaidia walikuwa vijana wa chuo kikuu. Hawakuitwa walimu, na darasa halikuitwa darasa. Liliitwa kikundi cha utamaduni.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Kwanza hakuna herufi. Picha ilionyeshwa ukutani: mtu shambani, mwindaji na upinde, mwindaji na bunduki, paka anayekamata panya. Watu waliulizwa nani kati ya hao anafanya utamaduni. Mwindaji alitengeneza upinde, paka hakutengeneza kitu. Mkulima ambaye tangu utoto aliambiwa kwamba hajui chochote aligundua kwamba chungu anachofinyanga, wimbo anaouimba, nyumba aliyoijenga, vyote ni kazi ya akili yake. Baada ya hapo ndipo neno liliingia. Kwa mfano tijolo, ni kusema tofali. Waliongea kwanza juu ya tofali: nani anafyatua, nani anajenga nyumba, nani analala ndani yake. Kisha wakalikata: ti-jo-lo. Kila kipande kikaleta ndugu zake, ta-te-ti-to-tu, na watu wakaanza kuunganisha vipande na kutunga maneno mapya wao wenyewe. Kiswahili kingekubali kazi hiyo bila shida: to-fa-li, na mtu anaona tayari to-a, fa-a, li-a.

Kwa nini jambo hili liliogopesha watu? Juu sheria ya Brazil wakati huo ilikuwa inamkataza asiyejua kusoma kupiga kura. Mamilioni ya wakulima wa kaskazini-mashariki walikuwa nje ya siasa kwa sababu ya alfabeti. Mtu akijua kusoma kwa masaa 40, mwenye shamba anapoteza utulivu wake. Tarehe 2 Aprili 1963 Rais João Goulart alikuja mwenyewe Angicos kufunga masomo. Mwanzoni mwa 1964 serkali yake ilitangaza mpango wa taifa zima wenye vikundi 20,000 vya utamaduni, ili kufikia watu karibu milioni 2.

Mpango huo haukufika mbali. Jeshi lilimpindua Goulart siku ya mwisho ya Machi na ya kwanza ya Aprili 1964, na wiki mbili baadaye mpango ukafutwa. Mwezi wa Juni Freire akakamatwa. Alifanya siku karibu 70 gerezani, akiulizwa maswali kama mtu hatari kwa nchi na kwa dini. Jambo moja la kuchekesha lilitokea mle ndani. Ofisa mmoja alikuja kumuomba, kwa kuwa profesa yupo tayari, awasaidie askari wapya ambao hawakujua kusoma. Freire alilazimika kumueleza kwamba juu ya kazi hiyo hiyo ndiyo maana yuko gerezani.

Benki

Alitoroka kupitia Bolivia. Milima ya kule ilimnyima pumzi, na serkali ya kule nayo ikapinduliwa baada ya muda mfupi. Akateremka Chile, akafanya kazi na wakulima kwenye mpango wa kugawanya ardhi, mpaka 1969. Pale ndipo aliandika Pedagogia do Oprimido, pedagojia ya wenye kugandamizwa. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1970, na nchini kwake Brazil watu walingoja mpaka 1974 ili kichapishwe.

Kitabu si chepesi, na kuna kurasa ambazo hata profesa anazirudia mara mbili. Lakini picha moja ndani yake kila mtu anaielewa: benki. Mwalimu anaingia na akiba yake ya maneno, anaiweka katika vichwa vya wanafunzi, wao wanatunza, na siku ya mtihani anakuja kutoa kile alichoweka. Mwanafunzi mzuri ni yule asiyepoteza hata sentime. Hakuuliza, hakubisha, hakuongeza. Freire alisema kwamba masomo ya namna hiyo yanaandaa watu wa kutawaliwa, sababu mtu aliyefundishwa miaka 15 kupokea tu hawezi kuamka asubuhi moja na kuwa raia mwenye kudai hesabu kwa viongozi. Mahali pa benki aliweka mazungumzo: mwalimu na mwanafunzi wanaweka tatizo la kweli katikati, na wote wawili wanalichunguza. Mwalimu bado ni mwalimu, anatayarisha somo na anajua zaidi katika mambo fulani. Watu wengi walimuelewa vibaya hapo, wakafikiri kwamba kila mtu aseme anachotaka na saa ya somo iishe. Alitumia miaka mingi kukanusha.

Alipita Harvard kwa muda mfupi, kisha tangu 1970 akafanya miaka 10 Geneva, kwenye Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Serkali ya kijeshi ilimnyima pasipoti. Alikuwa mtu wa dunia nzima asiyeweza kukanyaga Recife. Wanawake wa Marekani walimwandikia barua wakimlaumu kwamba kitabu chake kinaongea juu ya wanaume tu, kama vile wanawake hawagandamizwi. Alikubali kosa, akabadilisha namna yake ya kuandika.

Afrika ilimvuta. Alifika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambako Nyerere alikuwa anapigania elimu ya watu wazima, na akazungumza na watu wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pale Dar es Salaam. Tangu 1975 alisaidia Guinea-Bissau, nchi iliyotoka vitani na Ureno, ambako karibu watu wote walikuwa hawajui kusoma. Kule kazi ilishindwa, na ni vizuri kusema wazi. Viongozi walichagua Kireno kuwa lugha ya kusomesha, lakini wakulima walizungumza Krioli na lugha za makabila yao. Neno la Kireno halikuwa na chungu, shamba wala wimbo nyuma yake. Watu walikariri, wakaacha. Freire alikuwa ameandikia viongozi kuonyesha hatari hiyo, na baadaye alijitetea kwamba uchaguzi wa lugha haukuwa wake. Wenye kumlaumu wanasema kwamba mtu aliyeanza kwa maneno ya mwembe angepaswa kukataa tangu siku ya kwanza. Lawama hiyo ina uzito, na wasomaji wa Kongo, ambao watoto wao wanaanza kukariri Kifaransa kabla ya kukielewa, watajua inaongea juu ya nini.

Chuo kikuu alichokikuta

Msamaha wa kisiasa ulitoka 1979, na mwaka 1980 Freire alirudi kabisa. Alikuwa na miaka karibu 59. Alisema anataka kujifunza upya nchi yake, na haikuwa heshima tu ya mdomo. Vyuo vikuu alivyoviacha havikuwa tena vile.

Mwaka 1968 kulikuwa na mgogoro mkubwa wa vijana waliofaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu na wakakosa kiti. Waliandamana. Jeshi lilijibu kwa njia mbili. Kwanza sheria kali: mwaka 1969 amri ilitoka ya kufukuza wanafunzi na walimu wenye kujihusisha na siasa. Pili, mlango ukafunguliwa kwa wenye feza kuanzisha vyuo vya binafsi. Wakati Freire anarudi, zaidi ya nusu ya wanafunzi wa masomo ya juu Brazil walikuwa wanalipa katika vyuo hivyo.

Na hapo kulikuwa na jambo la ajabu ambalo mgeni hakulielewa haraka. Nchini Brazil vyuo vikuu vya serkali havilipishi, na mara nyingi ndivyo vizuri zaidi. Lakini mtihani wa kuingia ni mgumu. Miaka hiyo aliyefaulu alikuwa mara nyingi mtoto wa familia yenye uwezo, aliyesoma sekondari ya kulipia. Mtoto wa mfanyakazi, aliyesoma shule ya serkali yenye walimu wasiolipwa vizuri, alibaki nje. Basi mchana alifanya kazi dukani, usiku alienda chuo cha binafsi, na mshahara wake uliingia huko. Ni kusema, tajiri alisoma bure, maskini alilipa.

Katika vyuo vingi vya namna hiyo profesa alilipwa kwa saa. Saa asiyofundisha hailipwi, basi hana muda wa utafiti, wala wa kukaa na mwanafunzi asiyeelewa. Anaruka kutoka chuo kimoja kwenda kingine na makaratasi yale yale yaliyochapwa. Aliyewahi kununua silabusi ili jina lake lisikose kwenye orodha ya profesa hahitaji maelezo marefu. Mwaka 1970 Freire alikuwa ameandika juu ya benki kama mfano. Sasa mfano ulikuwa umepata risiti: mwanafunzi anawekewa maneno kichwani, na tena yeye ndiye anayelipia kuwekewa.

Yeye mwenyewe alifundisha pande zote mbili. Unicamp, chuo kikuu cha serkali ya jimbo la São Paulo, ilimpokea, lakini wakubwa fulani walidai kwanza ripoti ya kupima kama anastahili kuwa profesa. Mwenzake Rubem Alves aliombwa kuiandika, mwaka 1985. Alikataa kumpima. Alijibu kwa kifupi kwamba mtu anayejulikana kwenye vyuo vikuu vya dunia nzima hahitaji cheti chake yeye, na kwamba aibu ingekuwa kwa chuo kama kingemkosa.

Pande ingine ilikuwa Chuo Kikuu Katoliki cha São Paulo, PUC, ambacho kinalipisha lakini si duka. Chuo hicho kilikuwa kimewapokea maprofesa waliofukuzwa na jeshi. Septemba 1977 polisi walikivamia, wakawapiga na kuwakamata wanafunzi. Tena mwaka 1980, jeshi likiwa bado madarakani, rekta wake Nadir Kfouri alichaguliwa kwa kura ya maprofesa, wanafunzi na wafanyakazi. Nchi nzima haikuwa na haki ya kumchagua rais, lakini kwenye kampasi ile mfagiaji alikuwa anamchagua rekta. Freire alikaa PUC mpaka mwisho wa maisha yake.

Mawazo yake yalikuwa pia yamevuka bahari. Pale New York, Ira Shor alifundisha watoto wa wafanyakazi katika chuo kikuu cha mji, ambacho hakikuwalipisha wanafunzi mpaka 1976, wakati mji ulikosa feza na malipo yakaanza. Mwaka 1987 yeye na Freire walitoa kitabu cha mazungumzo. Swali lao lilikuwa la kazi ya kila siku: mwalimu afanye nini na wanafunzi wanaokuja wamechoka na wanataka diploma tu ili wapate kazi? Freire hakuwacheka hao. Diploma ni mkate, na mwalimu anayekataa kuwaandaa kwa kazi anawasaliti. Lakini yule anayewaandaa kwa kazi tu, bila kuuliza kazi hiyo inamnufaisha nani, anawasaliti pia.

Ofisi ya São Paulo

Elza alikufa Oktoba 1986, na Freire alikaribia kuzama. Mwaka 1988 alimuoa Ana Maria, anayeitwa Nita, aliyekuwa mwanafunzi wake wa zamani. Nita ni binti wa Aluízio Araújo, yule mkurugenzi aliyefungua mlango.

Januari 1989 Luiza Erundina, mwanamke wa kaskazini-mashariki kama yeye, akawa meya wa São Paulo, akamkabidhi idara ya elimu. Mzee wa miaka 67 alipokea mashule zaidi ya 600, mengi yakiwa na paa zenye kuvuja na viti vilivyovunjika. Kuandika vitabu ni jambo moja, kutafuta chaki ni lingine. Alianza na paa, viti na mishahara ya walimu. Kisha akarudisha halmashauri za shule, ambamo wazazi, wanafunzi, walimu na wapishi walikuwa na kura ya kuamua, si ya kushauri tu. Aliita maprofesa wa vyuo vikuu kuja kufikiri pamoja na walimu wa mashule, wakiketi meza moja. Alianzisha pia, pamoja na mashirika ya mitaa, kazi ya kufundisha watu wazima kusoma.

Alitoka Mei 1991, amechoka na anataka kuandika. Wengine walisema mambo yalienda polepole, na ni kweli. Katika mji wenye mamilioni ya watu, miaka miwili na nusu si kitu.

Vitabu vya mwisho vina hasira ambayo ile ya Chile haikuwa nayo. Adui hakuwa tena kanali. Alikuwa ni lugha ya wachumi inayosema kwamba mambo yako hivyo, soko limeamua, kazi ya shule ni kumzoesha kijana. Freire aliona kwamba lugha hiyo inaua demokrasia bila risasi, sababu inawafundisha watu kwamba hakuna cha kuchagua. Pedagogia da Autonomia kilitoka 1996, kitabu kidogo cha mfukoni chenye bei ndogo, ili mwalimu wa mshahara mdogo akipate.

Aprili 1997 wakulima wasio na ardhi waliingia Brasília baada ya kutembea kwa miguu kutoka pande nyingi za nchi. Freire, katika mahojiano yake ya mwisho ya televisheni, alionyesha furaha kama ya mtoto kuwaona. Tarehe 2 Mei moyo wake ulisimama, pale São Paulo. Alikuwa na miaka 75.

Miezi michache baadaye, katika mwaka ule ule, serkali ya Brazil ilitoa maandishi yaliyoruhusu wazi wenye vyuo kutafuta faida. Mwaka 2007 makampuni ya vyuo yaliingia kwenye soko la hisa la São Paulo, na mwaka 2014 mawili makubwa, Kroton na Anhanguera, yaliungana. Leo karibu wanafunzi wanne kwa watano wa masomo ya juu Brazil wako kwenye vyuo vya binafsi.

Mwaka 2012 sheria ilimtangaza Freire kuwa msimamizi wa heshima wa elimu ya Brazil. Wanasiasa fulani wamejaribu kumvua cheo hicho, wakisema ndiye aliyeharibu mashule, mashule ambayo mengi hayakufuata njia yake hata siku moja. Kitabu chake cha mwisho kinanunuliwa sana. Kiko mara nyingi kwenye orodha ya mitihani ya kuajiri walimu, na usiku wa kuamkia mtihani vijana wanakikariri, sababu kesho yake lazima kuchagua jibu moja kati ya yale yaliyopangwa kwenye karatasi.